Ngoma za Nyuma za Hilux

Henriette Mbuyu aliingia kwenye biashara ya makala, yaani mkaa, kwa ugomvi. Mumewe alikwenda Kisenge kutafuta kazi kwenye mgodi wa manganizi, akapata kazi na mwanamke mwingine, asirudi. Ndugu wa mume wakaja Kolwezi kuchukua gari lake, Hilux nyeupe iliyozeeka. Walimkuta Henriette amekaa juu ya boneti, spana ya magurudumu mapajani. Wa kwanza kugusa mlango alirudi kwao na kidole kilichovunjika. Hawakuja tena.

Kuendesha alifundishwa na baba yake, dereva wa mitambo mgodini, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume mpaka Henriette alipokuwa msichana mkubwa. Ndipo akazaliwa Jeancy. Huyo mdogo wake ndiye aliyemsaidia kazi baada ya mume kuondoka. Walikwenda Mutshatsha gari likiwa tupu na kurudi na magunia yaliyopangwa mpaka yakapita kimo cha kebini. Jeancy alipakia, alipakua, alibishana na wauzaji, aliimba njia nzima. Alikuwa mtu mzima mwenye mke, lakini mbele ya dada yake alibaki kitinda mimba. Alivaa buti za njano za wachimba madini. Kamba ya buti moja ilikuwa imekatika, akaweka waya mwekundu wa umeme mahali pake.

Breki za mbele za Hilux ile zilikuwa za diski, sahani ya chuma inayobanwa pande mbili. Za nyuma zilikuwa za ngoma, bakuli zito la chuma linalozunguka na gurudumu, na ndani yake vipande viwili mfano wa mwezi mchanga vinavyotanuka na kulisugua. Breki, au freni kama wanavyosema Kolwezi, Henriette alizikumbuka zilipolia tu. Zikilia, alizimwagia maji.

Siku ya msiba ilikuwa ya masika. Kijito kilikuwa kimefurika barabarani, wakakivuka maji yakigonga milango. Upande wa pili pedali ya breki ikawa laini chini ya mguu wake, kama anakanyaga ugali.

"Yaya, tusimame," Jeancy alimwambia dada yake. "Tufungue magurudumu ya nyuma. Kuna matope mule."

"Tutafungua Kolwezi."

"Yaya, mi nasikia harufu."

"Harufu ya makala. Imba."

Jeancy hakuimba.

Kabla ya kuingia mjini barabara inateremka, na kwenye ule mteremko watu wamejipangia soko lao pande zote mbili. Henriette alikanyaga, pedali ikaenda mpaka chini. Akakanyaga tena, haikurudi. Akashusha gia, injini ikapiga kelele kama mnyama aliyekamatwa mguu, lakini mzigo ulikuwa mzito na ulisukuma. Alivuta breki ya mkono. Waya ulikuja mkononi bila uzito wowote. Alibana honi. Watu waliruka huku na huku. Mbele, upande wa kulia, kulikuwa na kifusi cha mchanga wa mtu anayejenga. Henriette akaelekeza gari kwenye mchanga.

Kati ya gari na mchanga kulikuwa na meza ya Mama Agnès, muuza samaki wakavu. Meza ilipasuka. Agnès alirushwa juu, akaanguka mtaroni, kitenge kikimfunika uso. Hilux ikazama kwenye mchanga, magunia yakamwagika.

Kisha sauti moja ikalia: "Ameua! Ameua mama wa batu!"

Jeancy alishuka wa kwanza, mikono juu. "Bandugu, ni freni! Ni freni ilikata, tumusaidie mama—"

Tofali lilimpiga mdomoni. Henriette alimwona aliyelitupa: mwanaume mwenye mabega ya mbeba magunia, na kovu jeupe la moto lililopanda kutoka shingoni hadi sikioni. Jeancy alitema damu na meno, akajaribu tena kusema. Jiwe la pili lilimpata kisogoni na akapiga magoti. Baada ya hapo Henriette hakuweza kuhesabu. Waliokuwa wakinunua nyanya walitupa mawe. Mzee mwenye kofia ya kanisani alipiga kwa mguu wa meza. Walipiga kama watu wanaotwanga, kwa zamu, bila kugombana.

Yeye walimtoa kwa nywele kupitia dirishani. Alimng'ata mtu mkono hadi akasikia mfupa. Chuma kikamshukia mgongoni, kingine sikioni, na dunia ikawa mlio mmoja mrefu. Aliyemwokoa ni mwenye duka la dawa, aliyemkamata miguu, akamkokota ndani kama gunia, akashusha mlango wa chuma. Henriette aliupiga mlango ule kwa ngumi. Nje alisikia kile walichokuwa wakikifanya. Alisikia mpaka kiliponyamaza.

Polisi walifika, wakapiga risasi hewani. Umati ukatawanyika, na kila mtu akawa tena mnunuzi wa nyanya. Jeancy alilala katikati ya barabara, miguu peku.

Na Mama Agnès hakuwa amekufa. Nyonga ilivunjika, lakini alikuwa hai.

Mazishini, Shekina, mke wa Jeancy, hakumtazama Henriette hata mara moja. Henriette alipotaka kumwaga udongo kaburini, Shekina alimshika mkono, akaubana kwa kucha, akausukuma pembeni. Hakuna aliyemkataza. Henriette alirudi nyumbani na alama za kucha nne, na aliona amezistahili.

Ndugu walimwambia auze gari. Badala yake alikwenda akalikokota kutoka kwa polisi, vioo vyote vimevunjwa, viti vimejaa mchanga na damu kavu, akalipeleka kwa fundi Muteba.

Garaji ya Muteba ilikuwa upande wa Kingamyambo, uwanja wenye mabati matatu juu na upepo wa vumbi la kijivu kutoka kwenye mabaki ya madini. Muteba alikuwa Mkasai aliyezaliwa hapohapo Kolwezi. Alipokuwa mtoto, majirani waliifukuza familia yake kwa kuwa asili yao ni Kasai, wakalala stesheni wakingoja treni, na dada yake mdogo akafia palepale kwenye saruji. Alirudi akiwa mtu mzima, mwanaume wa maneno machache, akafungua garaji katika mji uleule. Watu walipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba ndiko alikozaliwa.

Alifungua gurudumu la nyuma. Ngoma ilikataa kutoka. Aliipiga nyundo mpaka ikaachia. Ndani kulikuwa na matope mekundu mazito, na mafuta ya breki yameyalowesha yakawa kama uji.

"Silinda ndogo ya freni ilikuwa inavuja, Mama," alisema. "Na maji iliingia. Nitasafisha, nitaweka mupya, utaenda."

"Toa hizi ngoma. Weka diski nyuma pia."

Muteba alipangusa mikono polepole. "Mama Henriette, freni ya mbele njo inasimamishaka gari. Ya nyuma inasaidia tu. Na hata diski, mafuta ikivuja, haitakusaidia."

"Ngoma inafungaka, Tata Muteba," alisema, akimwita baba kwa heshima. "Inaficha. Mi nataka freni yenye naona kwa macho, asubuhi kabla ya kutoka. Maji ikiingia, itoke."

"Ngoma haikumuua Jeancy. Batu njo balimuua."

"Batu siwezi kubafungua na spana."

Muteba aliinama akalitazama tena lile bakuli la matope. "Itakuwa kazi ya kukata na kuchoma," alisema mwishowe. "Hiyo gari haikutengenezwa hivyo."

"Kata."

Wakaanza. Muteba alichomoa shafti za nyuma, akakata mabamba yaliyoshikilia zile ngoma, cheche zikimrukia usoni. Alipata diski na vibanio vyake kwenye gari lililopinduka barabara ya Likasi, gari ambalo dereva wake hakutoka hai. Henriette alikuwa akija kila siku, akishika, akisugua kutu, akiuliza jina la kila kitu. Sikio moja lilikuwa bado halisikii, akawa anasogeza kichwa kama kuku.

Ndipo alipoingia yule mtu. Alikuja na pikipiki yenye gurudumu lililoisha upepo, akiisukuma, akamwomba Muteba kiraka. Henriette alikuwa amechuchumaa nyuma ya Hilux, na kitu cha kwanza alichokiona, chini ya gari, kilikuwa buti za njano. Moja ilifungwa kwa waya mwekundu.

Hakuinuka haraka. Alichukua ile ngoma iliyokuwa chini, nzito kama mtoto wa mwaka, akazunguka gari. Mtu alikuwa amegeuka kumtazama Muteba, na kovu jeupe lilionekana wazi kutoka shingoni hadi sikioni. Henriette aliinua ngoma kwa mikono miwili, akaishusha begani mwa mtu yule.

Mfupa ulitoa sauti kama fimbo kavu. Mtu alianguka juu ya pikipiki. Henriette alimshukia, akampiga tena, mkononi, ubavuni. "Buti ya nani? Sema! Buti ya nani?"

"Mama! Ee Mama, unaniua!"

"Buti ya nani?"

Muteba alimkamata kiunoni kwa nyuma, akamwinua hewani. Henriette alirusha mateke, akachana mikono ya Muteba. Mtu alijivuta, akainuka, akakimbia upande upande kama mbwa aliyegongwa, pikipiki akaiacha. Buti moja, ile ya waya, ilibaki imekwama kwenye spoku.

Muteba alimwachia. "Ulimujua?"

"Njo yeye alitupa la kwanza."

"Basi tuende kwa polisi sasa hivi. Sasa hivi, Mama, kabla hajarudi."

"Aende mwenyewe polisi, aseme nilimupiga."

"Mi nabajuaka batu bakiwa bengi," Muteba alisema. "Nakuomba."

Henriette alikaa chini, akaikumbatia buti. Muteba alitazama barabara, akatazama gari lililoinuliwa juu ya jeki bila magurudumu, akaokota nyundo yake akaendelea na kazi. Hakutaka kuiacha garaji wazi.

Walirudi mchana uleule, wanaume watano. Yule mwenye kovu alibaki barabarani, mkono umefungwa kwa kitenge, akiwaelekeza. Henriette alikuwa amekwenda kununua kopo la mafuta ya breki. Walimkuta Muteba peke yake, amelala chini ya Hilux.

Walimvuta kwa miguu. Walimuuliza mwanamke yuko wapi, akasema hajui. Waliuliza tena, wakamlalisha mkono wa kulia juu ya meza ya chuma ya garaji, wakaupiga kwa nyundo yake mwenyewe. Kisha wakampiga mateke mpaka akajikunja kama kiwavi. Mmoja alimwambia arudi kwao Kasai. Walizipiga taa za Hilux, ambazo tayari zilikuwa zimepasuka, wakabeba pikipiki ya mwenzao wakaenda.

Henriette alimkuta amekaa, mgongo ukiegemea gurudumu lililofunguliwa. Mkono ulikuwa umevimba, vidole vimeelekea pande ambazo vidole havielekei.

"Tata Muteba..."

"Usiniguse."

"Nitakupeleka hospitali."

"Nitaenda na miguu. Nilikuambia nini?" Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza Henriette kuliko kofi. "Balikupiga, nilikuhurumia. Balimuua Jeancy, nililia. Lakini leo weye njo ulianza. Ulitupa ngoma yako, na mi njo ilinianguka juu."

Henriette alimshika mkono ule mzima, akampandisha teksi, na hospitalini alikaa nje ya mlango akimsikia mwanaume yule mkimya akipiga ukelele walipokuwa wakinyoosha vidole.

Safari hii alikwenda polisi. Yule mtu aliitwa Stany, mbeba magunia ya madini, na walimkamata hospitalini alipokuja kufungwa bega. Akapelekwa gerezani. Mzee mwenye kofia ya kanisani na wale wengine wa sokoni, hakuna aliyewataja. Henriette naye alilazwa korokoroni kwa ajili ya bega lile, chini, kwenye mkojo wa watu, na alipotoka hakwenda nyumbani. Alikwenda garaji.

Muteba alikuwa pale, bandeji mpaka kwenye kiwiko, akilitazama gari kama mtu anayetazama chakula asichoweza kula.

"Nionyeshe," Henriette alisema. "Mikono yangu ni mizima."

Muteba akanyoosha mkono wa kushoto kwenye zana. "Chukua ile spana kubwa. Si hiyo. Ile."

Hakumbembeleza. Henriette alifunga boliti akachubua vidole kwenye chuma; Muteba akamwambia afungue, imekaa upande. Alifunga tena. Alichoma vishikizo kwa moto wa kulehemu, akaungua kifuani, akaendelea. Aliweka diski, vibanio, mipira mipya ya mafuta. Muteba alikanyaga pedali, naye Henriette amelala chini akifungua kijiparafujo, akitoa hewa, mafuta yakimwagikia machoni. Siku nyingine hawakusemezana isipokuwa majina ya vyuma. Mke wa Muteba alileta chakula, akamwekea mumewe peke yake.

Siku ya kujaribu walikwenda kwenye barabara ya vumbi isiyo na nyumba. Muteba alikaa pembeni yake, mkono mbovu kifuani.

"Taratibu kwanza," alisema. "Gari ni tupu, nyuma ni nyepesi. Ile valvu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma sijairekebisha. Magurudumu ya nyuma inaweza kufunga kabla ya wakati."

Henriette alikanyaga mafuta. Miti ikaanza kukimbia.

"Mama, taratibu!"

Aliona mteremko, ingawa barabara ilikuwa tambarare. Aliona meza. Alikanyaga breki kwa mguu wote.

Magurudumu ya nyuma yaliganda papo hapo. Mkia wa gari ukapita mbele, dunia ikazunguka, mara moja, mara mbili, kichwa cha Muteba kikagonga nguzo ya mlango, na Hilux ikaegemea magurudumu mawili, ikafikiri, ikaanguka tena chini kwa kishindo. Vumbi likaingia ndani kupitia madirisha yasiyo na vioo.

"Unataka kuniua pia?" Muteba alipiga kelele, damu ikimshuka kwenye nyusi. "Sema tu! Unataka kuniua pia?"

Henriette alifungua mlango, akatapika. Alipomaliza alipangusa mdomo kwa mkono wenye grisi. "Nionyeshe hiyo valvu," alisema.

Waliirekebisha palepale, yeye akilala juu ya mavumbi, Muteba akimwelekeza kwa sauti iliyokauka. Walijaribu tena, na tena, kila mara wakipunguza kidogo nguvu ya nyuma. Mwishowe Hilux ilisimama imenyooka, pua ikiinama, bila kuyumba. Muteba hakusema "vizuri". Alisema, "Sasa nirudishe nyumbani."

Mkono wake ulipona kwa kupinda. Anashika spana, lakini nyundo anaishika kwa kushoto. Henriette humletea makala mpaka leo, huyashusha mlangoni, na mke wa Muteba huyapokea bila salamu.

Henriette alirudi kwenye barabara ya Mutshatsha peke yake. Kila asubuhi huinama nyuma ya gari akazitazama zile diski zinazong'aa kati ya rimu. Sokoni mteremkoni baadhi huita "muuaji" anapopita. Yeye hufunga kioo kipya.

Siku moja ya kiangazi Mama Agnès alimngoja kando ya barabara, akiegemea gongo la kutembelea. Alikuwa akienda kwa mama yake Mutshatsha, na mabasi, alisema, hayamngoji mwenye gongo. Henriette alifungua mlango. Walikwenda mwendo mrefu, gari tupu likigonga mashimo.

"Nilikuwa nabasikia," Agnès alisema ghafla.

"Nani?"

"Siku ile. Nilikuwa mule mu mutaro, kitenge juu ya uso. Nilisikia banasema nimekufa. Nilisikia banamupiga ndugu yako. Akili yangu ilikuwa wazi, Mama. Nilijua kama mi nitasema kitu, kama mi nitainua mukono tu, batamuacha. Niliogopa. Sijui nini niliogopa. Nilinyamaza mpaka balimaliza."

Henriette alikanyaga breki.

Magurudumu manne yakashika kwa pamoja. Agnès alirushwa mbele, uso ukagonga dashibodi, gongo likaruka likapiga kioo. Gari lilisimama limenyooka katikati ya barabara, injini ikazimika. Pande zote mbili palikuwa na nyasi kavu na kimya.

Henriette alishika usukani kwa mikono miwili. Alitazama shingo ya mwanamke yule, nyembamba, mshipa ukipiga. Spana ya magurudumu ilikuwa chini ya kiti chake, mahali pake pa siku zote. Aliujua uzito wake. Agnès hakujikinga. Damu ilikuwa ikimtoka puani, ikidondoka kwenye kitenge, naye aliiacha idondoke, macho yamefumbwa, akingoja.

Upepo ulipita kwenye nyasi. Lori la magunia lilikuja nyuma yao, likapiga honi, likawapita, dereva akitukana.

Henriette alichomoa kitambaa cha kupangusia grisi kutoka pembeni mwa mlango, akakitupa kwenye mapaja ya Agnès.

"Pangusa," alisema. "Unachafua kiti."

Akawasha gari.